Matabishi

Mahakamani watu walipiga kelele: auawe!
Nami nilipiga. Nilikuwa mstari wa pili,
kitenge cha matanga bado kinanuka sabuni,
koo langu likatoa sauti nisiyoijua,
kama mbwa wa jirani aliyekanyagwa mkia.
Auawe. Amewamaliza tisa kwa nyundo moja,
kwa ajili ya pikipiki tisa, na ya tisa
ilikuwa ya Umba, mdogo wangu,
nyekundu, deni lake halijaisha.

Kanisani walimbatiza Ferdina.
Mji wote unamwita Musumari.
Watoto wa Katuba wanalazwa kwa jina lake:
funga macho, Musumari anapita.

Hakimu wa kwanza alisema kifo.
Tulicheza mpaka barabara ya lami.
Hakimu wa pili, mwenye miwani,
alisoma karatasi kwa Kifaransa, muda mrefu,
tukangoja mtu atutafsirie huzuni yetu.
Kifungo cha maisha.
Mjomba Nday akauliza: maisha ya nani?

Tangu hapo mtaa mzima umekuwa mahakama.
Fundi baiskeli anasema risasi moja
ni rahisi kuliko bukari ya miaka arobaini.
Mwalimu Kyungu anasema serikali ikijifunza kuua
haitaishia kwa Musumari;
mkono ukizoea, hutafuta kazi.
Mchungaji anasoma Kaini na ile alama yake,
anageuza kurasa, anasoma jicho kwa jicho,
anafunga kitabu, anaomba sadaka.
Mjomba anasema: dawa ya moto ni moto.

Mimi nauza moto, mjomba.
Miaka kumi na minne nauza makala,
mikono hii haitakati hata siku ya Pasaka,
na sijaona mtu aliyezima mbabula kwa kaa.
Lakini pia sijaona
kaa lililozimika kwa kusamehewa.

Kule Kasapa sufuria ya serikali
haifiki kila mdomo.
Asiye na mtu wa nje huisha taratibu,
bila hakimu, bila karatasi, bila Kifaransa.
Kwa hiyo kifungo cha maisha,
tafsiri yake ni mama.

Na mama yupo.
Anakuja Jumanne na Ijumaa,
kandambili moja ya bluu, nyingine ya kijani,
anasimama mbele ya mafungu yangu, hachagui.
Alianza kuja kabla sijajua ni nani.
Nilimpa matabishi kama ninavyompa kila mtu,
kipande kimoja juu ya fungu,
tukailaumu mvua pamoja, tukacheka.
Kisha binti yangu akaninong'oneza.

Usiku ule nilihesabu: mafungu kumi na saba.
Mara kumi na saba makala yangu
yameivisha bukari na sombe
ya mkono ulioshika ile nyundo.
Amekula moshi wangu, ameshiba, amelala.
Na sahani ya Umba naiosha bado,
kila jioni, safi,
naigeuza juu chini pamoja na nyingine.

Leo Ijumaa amekuja tena.
Anajua kwamba najua.
Aliweka noti juu ya gunia, akaibana kwa kidole
isipeperuke, akasema bila kuniangalia:
"Ukikataa nitanunua Kamalondo.
Ni mbali, ila nitafika."

Hapakuwa na askari. Hapakuwa na mchungaji.
Mimi ndiye niliyekuwa hakimu wa tatu,
sina miwani, na kifo kilikuwa kitu chepesi,
maneno mawili tu:
makala yameisha.

Nyuma yake mteja mwingine akakohoa, ana haraka.

Nilichukua noti. Nikampa fungu lake
kwa bei ya watu wote,
halikupungua, halikuzidi.
Matabishi sikumpa.
Hakuomba.